Ua Jeupe la Lang'ata Lililokataa Kuzaa Mbegu

Nianze na hesabu ndio tuelewane. Mwaka wa 2023 wakati wa mvua ndefu nilihesabu mashina 31 ya ua jeupe la porini, aina ya gladiola, kwa shamba la shosho (nyanya) mmoja upande wa Lang'ata, Nairobi, pale ardhi inaanza kushuka kwenda mto Mbagathi, na kwa hayo mashina 31 nikapata maua 118 kwa siku tofauti tofauti, alafu msimu ukiisha nikarudi kutafuta vibuyu vya mbegu nikapata 4. Vinne tu. Na maua yenyewe yalikuwa safi, yamefunguka vizuri, hakuna mdudu ameyatafuna, lakini yakinyauka kile kijikichwa cha kijani kilicho chini ya ua kinageuka njano, kinadondoka. Nimeuza miche kando ya barabara zaidi ya miaka kumi na sijawahi kuona mmea umechanua hivyo ukakosa kuzaa hivyo.

Mbona nilikuwa natafuta mbegu? Kwa sababu kuna watu wanapita wakichimba hivi vitu porini na kuviuza kwa wenye bustani, unaletewa tunguu tano kwa karatasi ya nailoni unaambiwa "maua ya msitu hayo, yananukia usiku", na mimi nimekataa kununua hizo. Nikitaka kuiuza niikuze kutoka kwa mbegu, nisiipunguze pale ilipo. Shosho alinikubalia niokote mbegu zake bure, tena akaniambia hapo zamani vibuyu vilikuwa vingi mpaka watoto wanavipasua kuona zile mbegu zenye mabawa zikipeperuka. Kwa hivyo tatizo lilikuwa jipya, na hilo ndilo lilinifanya nisiache hii stori.

Mmea wenyewe ni gladiola ya porini, jina la kitaalamu Gladiolus candidus, familia ya airisi. Nilipeleka picha na ua moja lililokaushwa kwa gazeti pale hebaria ya makumbusho, Museum Hill, pahali wanahifadhi mimea iliyokaushwa, ile ambayo ilianzia Amani, Tanzania ya leo, mwaka wa 1902 na kuhamishiwa Nairobi mwaka wa 1950, wakanithibitishia. Majani ni membamba kama upanga, chini kuna tunguu limevaa nyuzinyuzi, na linapenda pale udongo ni mdogo juu ya mwamba, pahali hata mahindi hayawezi. Ukitaka kujua kama ua ni la familia ya airisi ama ni la yungiyungi hesabu zile nyuzi zinazobeba chavua, ile poda ya ua: airisi ni tatu, yungiyungi ni sita. Lingine la kuangalia ni kile kijikichwa cha mbegu, kwa airisi karibu zote kinakaa chini ya petali, sio ndani ya ua.

Sasa hii gladiola iko tofauti na zile mnazoona pale City Market zimefungwa kwa ndoo. Zile za sokoni ni machotara, na mmoja wa mababu zao ni gladiola yetu nyingine ya hapa Afrika, Gladiolus dalenii, ile ya rangi ya machungwa na njano. Ile ya machungwa mteja wake ni chozi, yule ndege mdogo mwenye mdomo uliopinda. Hapo hakuna haja ya harufu kwa sababu ndege anafuata rangi. Lakini hii ya shosho ni nyeupe tupu, shingo yake ni mrija mwembamba mrefu kuliko kidole changu cha kati, na utamu wote umewekwa mwisho kabisa wa huo mrija. Mchana hata ukiingiza pua unapata harufu kidogo sana. Ikifika saa kumi na mbili na nusu jioni unaisikia ukiwa hatua kumi.

Peter Goldblatt na John Manning, hao ni mabingwa wa familia ya airisi, walikaa miaka mingi kusini mwa Afrika wakiangalia ni nani anatembelea gladiola gani. Jinasi hii, yaani kundi lote la gladiola, ina spishi zaidi ya 250, nyingi ziko Afrika Kusini, na walikuta wateja wa kila aina: nyuki wenye ulimi mrefu ndio wana spishi nyingi zaidi, kuna za nzi wenye mrija mrefu ajabu, kuna za chozi, kuna nyekundu ambazo zinategemea kipepeo mmoja mkubwa wa milimani, na kuna nyeupe zenye shingo ndefu na harufu ya usiku ambazo ni za nondo, wale wadudu wa usiku wanaofanana na kipepeo. Ukiwa na ua jeupe, la shingo ndefu, linalonukia giza likiingia, karibu umeshaambiwa anayekuja ni nani.

Lakini mimi mwaka huo wa kwanza sikufikiria hivyo. Nilifikiria nyuki. Shosho ana mizinga mitatu kwa fensi na asubuhi nilikuwa naona nyuki kwa hayo maua, nikasema basi uchavushaji uko, shida ni kitu kingine, labda mbolea ama mbuzi, nikapoteza msimu mzima nikichunguza udongo. Nilikosea. Kuona mdudu kwa ua hakumaanishi anafanya kazi ya lile ua. Ulimi wa nyuki wetu wa asali haufiki hata sentimita moja, ule mrija hauwezi kabisa, kwa hivyo yeye alikuwa anakuja kuchukua chavua tu. Tena ua la gladiola linaanza kwa kutoa chavua kwanza, ile sehemu ya kupokea bado imejikunja, inafunguka baadaye kuwa matawi matatu. Nyuki anayetafuta chavua anaenda kwa ua bichi lenye chavua, lile lililokomaa tayari kupokea halina cha kumpa, analipita. Anachukua kwa mtoaji na hafiki kwa mpokeaji.

Kilichonifungua macho ni vile vibuyu vinne. Nilikuwa nimeweka vijiti vyenye namba kwa kila shina, na jioni moja nimekaa na daftari nikaona vyote vinne vimetoka kwa mashina ya upande mmoja, nyuma ya tangi la maji. Tangi la plastiki, lita elfu tano, limeinuliwa kwa mawe. Nikamuuliza shosho kuna nini cha tofauti hapo nyuma, maji yanavuja ama? Akaniambia, "Maji hayavuji mwanangu. Hapo ndipo peke yake kuna giza siku hizi."

Akanionyesha na mkono. Ng'ambo ya fensi kuna ploti aliyouza miaka miwili kabla ya hapo, na juu yake kumejengwa fleti za ghorofa nne, na kwa ukuta wa nyuma wakaweka taa tatu kubwa za sekuriti, nyeupe kali zile za kuumiza macho, zinawaka saa kumi na mbili jioni mpaka asubuhi. Zinamulika shamba lote la shosho isipokuwa kivuli cha tangi.

Hiyo haikuwa ushahidi bado, vibuyu vinne ni vichache mno, inaweza kuwa bahati. Na kulikuwa na sababu nyingine mbili ambazo ilibidi nizimalize kwanza. Ya kwanza, gladiola inajizalisha pia kwa vitunguu vidogo vidogo chini ya ardhi, kwa hivyo inawezekana lile shamba lote ni mmea mmoja uliojigawa na chavua yake yenyewe haikubaliki. Ya pili, labda mimea yenyewe imezeeka ama inaumwa, haiwezi kubeba mbegu hata ikichavushwa.

Msimu wa 2024 nikajipanga. Mtakumbuka ile mvua, mwezi wa nne Nairobi ilikuwa mafuriko, Mbagathi yenyewe ilikuwa inanguruma usiku kama lori. Mwamba wa shosho ulisaidia kwa sababu maji hayakai pale. Nilinunua vifuko vya neti, zile ndogo za kuwekea zawadi za harusi, na brashi ndogo ya wanja. Maua 20 nikayafunika tu yakiwa tumba na sikuyagusa tena. Mengine 20 nikayafunika alafu yakiwa tayari nikayapaka chavua ya shina lingine la hapo hapo shambani. Mengine 20 nikayapaka chavua niliyotoa kwa kipande kingine cha mwamba upande wa Ngong, mwenye shamba aliniruhusu, nikaibeba kwa kijichupa siku hiyo hiyo. Na 20 upande wenye taa nikayaacha wazi tu yajitafutie.

Yaliyofunikwa bila kuguswa: sifuri. Yaliyoachwa wazi kwa mwangaza: kibuyu 1. Yaliyopakwa chavua ya hapo hapo: 9. Yaliyopakwa chavua ya Ngong: 15.

Angalieni hizo namba polepole. Mmea hauumwi, maana ukipewa chavua unazaa. Sio mmea mmoja uliojigawa pia, kwa sababu ingekuwa hivyo na chavua yake inakataliwa nisingepata 9, ingawa chavua ya mbali ilifanya vizuri zaidi, na hiyo inanifanya niamini kuna undugu wa karibu karibu pale shambani. Na peke yake bila mtu wa kuibebea, hakuna kitu. Kilichokosekana ni mbebaji. Brashi yangu ya wanja ilifanya kazi ya mtu ambaye zamani alikuwa anakuja na siku hizi haji.

Basi nikaanza kukesha. Jioni sita, zile ambazo mvua ilinipa nafasi, kuanzia saa kumi na mbili na nusu hadi saa tatu usiku, tochi nimeifunika na karatasi nyekundu ya zawadi ili nisiwasumbue wadudu maana rangi hiyo hawaioni vizuri. Upande wenye taa jioni zote sita sikuona mgeni hata mmoja kwa ua. Nyuma ya tangi jioni ya tatu, saa moja kasoro hivi, nikasikia kitu kama feni ndogo karibu na sikio. Nilikaa bila kupumua. Nondo mkubwa karibu kama kiganja, hatui, anaelea hewani mbele ya ua mabawa hayaonekani vile yanaenda mbio, alafu ananyoosha ule ulimi, mrefu kuliko mwili wake, anauingiza kwa mrija mpaka uso wake unagusa zile nyuzi za chavua. Sekunde mbili tatu, anaenda kwa lingine. Alitembelea maua saba akapotea. Ubavuni ana mistari ya waridi na nyeusi, hiyo ndiyo ilinisaidia kumtambua: Agrius convolvuli, nondo-mwewe wa viazi. Sitasahau hiyo jioni.

Nondo, ukitaja hilo neno Nairobi watu wengi wanafikiria chuma za mjengo, ndio maana nilipoenda kuongea na soja wa zile fleti alinionyesha marundo ya chuma nyuma ya geti. Nilipomweleza ni mdudu akacheka akasema hao anawafagia kila asubuhi. Tukaenda chini ya zile taa na kweli wako hapo, wamechoka, wengine wameliwa na kubaki mabawa tu, popo na paka wamejua kuna chakula cha bure. Nilihesabu mabawa ya nondo-mwewe kumi na moja kwa asubuhi moja. Hao ndio wachavushaji wa shosho.

Watu husema mdudu anapenda taa. Utafiti uliotoka mwaka wa 2024, wakitumia kamera za kasi sana, ulionyesha sio kupenda. Mdudu anayeruka usiku anageuzia mgongo wake upande wenye mwangaza, kwa sababu kwa mamilioni ya miaka mwangaza wa usiku ni wa angani, kwa hivyo mgongo ukiangalia mwangaza yuko wima sawasawa. Ukimwekea taa ubavuni anapinda, anapinda tena, anazunguka hawezi kutoka. Amenaswa, hakuja kwa hiari. Na kwa upande wa mimea, mwaka wa 2017 watafiti wa Uswisi waliweka taa za barabarani kwa malisho ambayo hayakuwa na taa, wakakuta ziara za wachavushaji wa usiku zimepungua kwa asilimia 62, na mmea mmoja waliofuatilia ukapunguza matunda kwa asilimia 13 hata kama nyuki wa mchana walikuwa wanauhudumia pia. Sasa wazia mmea kama wa shosho ambao wa mchana hawauwezi kabisa.

Kuna kitu kingine ambacho shosho ndiye alinifundisha. Ile ploti aliyouza ilikuwa ya ngwaci, viazi vitamu, karibu robo eka. Nilipomwonyesha picha ya kiwavi wa huyu nondo, yule mnene mwenye kipembe kwa mkia, alishtuka: "Huyo! Huyo nilikuwa namtoa kwa majani nampatia kuku." Na akakumbuka wakichimba viazi walikuwa wanapata kwa udongo kitu cha kahawia chenye mkono kama wa birika. Hiyo ni pupa yake, na ule mkono ndio ulimi unatengenezwa ukiwa umekunjwa nje ya mwili. Kwa hivyo kiwavi alikula majani ya ngwaci, akaingia chini kwa udongo ule ule, akatoka akiwa nondo na hatua hamsini mbele yake kuna mwamba wa maua meupe. Huyo nondo anaruka mbali sana, anaweza kutoka popote, siwezi sema ngwaci ndiyo ilikuwa kila kitu. Lakini shamba la chakula cha watoto wake likiondoka na kwa nafasi hiyo hiyo ikawekwa taa ya kuwanasa wazazi, hiyo ni kupigwa pande mbili.

Kwa maoni yangu taa ndiyo ilikuwa kubwa zaidi, na sababu ni lile tangi. Ngwaci ilipotea kwa shamba lote sawa, mbele ya tangi na nyuma ya tangi. Kilichotofautisha pande mbili ni mwangaza peke yake.

Kuongea na wenye fleti kulichukua muda kuliko majaribio yote. Keateka alinisikiliza vizuri lakini landledi, mama mmoja mwenye heshima zake, aliniuliza moja kwa moja: "Sasa mimi nizime taa ndio maua ya jirani yazae, na wapangaji wangu wakiibiwa?" Ni swali la haki kabisa, mita za maji zilikuwa zimeng'olewa mara mbili hapo. Sikumwambia azime. Nilimwomba tuangalie taa zinamulika nini, tukapanda ghorofa ya pili usiku na akaona mwenyewe mwangaza mwingi unaenda kwa shamba la shosho na kwa madirisha ya wapangaji wake, chini kwa ukuta pale mwizi angepitia ndio kuna giza. Wapangaji walikuwa wameshalalamika kuhusu kulala. Hapo akakubali. Fundi wa stima aliinamisha taa zote tatu ziangalie chini, akazivalisha kofia za mabati alizokata mwenyewe, mbili akaziwekea balbu za manjano, na ya tatu ikawekwa ile sensa inayowaka mtu akipita. Mimi nililipia mabati na nusu ya sensa. Hiyo ilikuwa mwezi wa kumi 2024.

Mvua ndefu za 2025 nikarudi na daftari lile lile. Upande uliokuwa na taa, bila kutumia brashi, bila kugusa chochote, maua 104 yakatoa vibuyu 37. Nyuma ya tangi ni uwiano karibu huo huo. Nikikesha niliona nondo-mwewe jioni nne kati ya saba, mara moja wawili pamoja kwa shina moja. Bado kuna maua mengi yanadondoka bila kuzaa, na mwangaza wa Nairobi angani huwezi kuuvalisha kofia ya mabati, hata usiku usio na mwezi kwa shosho unaweza kusoma kichwa cha gazeti. Lakini kutoka 4 kwa maua 118 ya shamba lote hadi 37 kwa maua 104 ya upande ule uliokuwa umekauka, mimi nimeridhika kwamba tulipata mhusika.

Vibuyu nilichukua kimoja kati ya vinne, vingine vipasuke vyenyewe pale kwa mwamba. Mbegu nimepanda kwa trei za mchanga na udongo mwekundu kidogo, zikaota kama nyasi kabisa, mpaka kijana anayenisaidia kitaluni alikuwa ameshaanza kuzing'oa akidhani ni magugu nikamwahi. Kutoka mbegu hadi ua la kwanza ni kama miaka miwili mitatu, kwa hivyo wale mnaoniuliza bei, bado.

Shosho naye amepanda marando ya ngwaci kando ya fensi yote, mstari mmoja mrefu. Juzi nimempata ameinama kwa majani na kiwavi mnene mkononi, kuku wamemzunguka miguuni wanangoja. Alimwangalia, akamrudisha kwa jani.

"Huyu wacha ale," akaniambia. "Viazi vitabaki."